UZI: Paka wa mtaani mwenye lukemia ya paka (FeLV), atapataje makao salama?

Sharubu_Nane (mleta uzi)

Wakuu, kisa ni kilekile kila mara. Paka wa mtaani, mpole, anakubali kushikwa. Kapelekwa kliniki kufungwa kizazi au kutibiwa kidonda, kapimwa damu, majibu yametoka: ana FeLV, kirusi cha lukemia ya paka. Kuanzia hapo kila mtu ana ushauri wake. Mmoja anasema achomwe sindano alale moja kwa moja. Mwingine anasema arudishwe tu alikookotwa. Wa tatu anamjua mama fulani mwenye paka sita, "mmoja zaidi hatamsumbua". Huyo wa tatu ndiye wa kuogopwa kuliko wote.

Niweke msimamo wangu mapema. FeLV haimzuii paka kuishi na watu, ila inakulazimisha uchague nyumba. Inayomfaa ni ile ambayo paka hatoki nje, na ndani hakuna paka mwingine, au waliopo nao wana kirusi hichohicho. Mbwa, sungura, watoto, wazee, hao hawazuii kitu, kwa sababu kirusi hiki kinaenezwa paka kwa paka. Na familia zinazotaka paka mmoja tu ni nyingi kuliko mnavyodhani.

Kabla ya kutafuta nyumba, kuna hatua ambazo watu huziruka.

Hakikisha hana mwenyewe. Paka mpole sana mtaani mara nyingi ni paka aliyepotea. Kliniki impitishie kisoma chipu (kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi) katikati ya mabega, kisha mbavuni na kwenye miguu ya mbele, maana chipu huhama chini ya ngozi na mpimaji mvivu huishia mgongoni. Chipu nyingi zina namba ya tarakimu 15. Asipokuwa nayo, tangaza kwa picha karibu na alikookotwa, lakini ficha alama moja (doa la tumboni, kwa mfano) ili anayejitokeza aithibitishe yeye mwenyewe.

Mtenge. Chumba kimoja chenye mlango unaofungika, siku 14 angalau, hata kama nyumbani huna paka mwingine. Mtaani hakuokota FeLV peke yake. Kuna viroboto, minyoo, mapunye, mafua ya paka, na kwa paka asiyejulikana historia yake kuna suala la kichaa cha mbwa pia. Akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Meno ya paka ni membamba, yanasukuma vijidudu ndani kabisa na tundu linajifunga juu. Asubuhi mkono umevimba.

Thibitisha majibu. Hapa namwachia anayeshinda na damu na tyubu.

---

Darubini

Nimeitwa, nimefika.

Kipimo cha haraka cha kliniki, kile cha matone machache ya damu na jibu ndani ya dakika 10 hivi, kinatafuta protini ya kirusi iitwayo p27. Hakitafuti kingamwili, yaani askari ambao mwili huunda dhidi ya kirusi. Ndiyo maana chanjo ya FeLV haiwezi kumfanya paka aonekane ana kirusi, na kitoto cha umri wowote kinapimika bila kusubiri. Kwa FIV, ule "ukimwi wa paka" ambao mara nyingi hupimwa kwenye kifaa hichohicho, mambo ni kinyume: pale kinachotafutwa ni kingamwili, na kitoto kilichonyonya kwa mama mwenye FIV kinaweza kuonyesha chanya ya uongo hadi miezi 6. Watu huzichanganya hizi mbili kila siku.

Makosa yanaingilia wapi? Kwanza kwenye sampuli. Kuna wanaojaribu mate au machozi. Acheni, tumieni damu. Pili kwenye macho. Mstari unaojitokeza nusu saa baadaye, kifaa kimekauka mezani, si jibu. Soma kwenye dakika iliyoandikwa na mtengenezaji, chini ya mwanga mzuri. Mstari hafifu uliotokea ndani ya muda wake ni chanya inayosubiri kuthibitishwa. Hakuna kitu kinaitwa "hasi kidogo". Tatu ni hesabu yenyewe: paka wengi wazima hawana kirusi hiki, kwa hiyo hata kifaa kizuri kinachokosea mara chache, kati ya paka wenye afya sehemu ya chanya zake zitakuwa za uongo. Paka mgonjwa, amekonda, fizi nyeupe, jibu chanya kwake lina uzito zaidi.

Hatua ya kwanza baada ya chanya ni kurudia kwa kifaa cha mtengenezaji mwingine, siku hiyohiyo ikiwezekana. Ya pili ni kupeleka damu maabara kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi vilivyojificha ndani ya seli. Damu iwe kwenye tyubu ya EDTA, ile ya kifuniko cha zambarau, igeuzwegeuzwe taratibu isigande. Ya tatu, rudia p27 baada ya wiki 6 hadi 8, na ikibaki chanya rudia tena wiki ya 16. Paka ambaye mwili wake unafanikiwa kukibana kirusi kwa kawaida p27 inatoweka kwenye damu yake ndani ya wiki hizo 16 tangu aambukizwe.

Ukimaliza hapo utakuwa na mmoja kati ya hawa:

p27 chanya inaendelea, PCR chanya. Kirusi kimeshika uboho na kinazaliana. Anakitoa kwa mate kila siku. Wengi wa hawa hufariki ndani ya miaka 3 tangu wagundulike, ingawa wapo wanaopita hapo kwa mbali.

p27 hasi, PCR chanya. Kirusi kimelala. Kwa kawaida hamwambukizi paka mwenzake, na anaweza kuishi umri wa kawaida. Kinaweza kuamka mwili ukidhoofika, hasa akipewa dawa kali za kushusha kinga. Huyu asitolewe damu kumwongezea paka mwingine, kamwe, kwa sababu damu yake inaambukiza hata akiwa mzima wa afya.

Vyote hasi mara mbili. Chanya ya kwanza ilikuwa ya uongo, au mwili umekifukuza. Mtafutie nyumba kama paka mwingine yeyote.

Kwa hiyo anayetaka kumlaza paka mwenye afya kwa sababu ya mstari mmoja kwenye plastiki, ajue hajapata jibu bado.

---

Kitana

Darubini, na hasi ya kwanza nayo tuiamini?

---

Darubini

Inategemea aliambukizwa lini. p27 kwa kawaida huonekana ndani ya siku 30 tangu akutane na kirusi, wengine huchelewa zaidi. Paka wa mtaani hujui jana alikuwa analambana na nani. Hasi leo, rudia baada ya siku 30 au zaidi tangu umtenge, na katikati ya hapo asichanganywe na paka yeyote. Kuna watu wanamwachia paka nyumba nzima siku ya tatu kwa sababu "kipimo kilikuwa safi".

---

Ndoo_na_Sabuni

Naongezea nyama kwenye karantini, maana hofu ya watu huwa iko mahali pasipo.

Kirusi hiki ni goigoi nje ya mwili wa paka. Mahali pakavu kinakufa ndani ya saa chache, mara nyingi dakika tu. Kwenye unyevu kinaweza kuchelewa siku moja au mbili. Sabuni ya kawaida inakiua, jiki inakiua. Sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 32 za maji inatosha kwa sakafu na mabakuli, ila osha uchafu kwanza kwa sabuni, kwa sababu jiki ikimwagwa juu ya kinyesi au mabaki ya chakula nguvu yake inaishia kwenye uchafu. Suuza, acha pakauke kabla paka hajarudi. Usichanganye jiki na dawa nyingine ya kusafishia.

Kinachoeneza FeLV ni mate yakiwa mabichi: kulambana, kula bakuli moja, kung'atana. Mama humpa kitoto tumboni na kwenye maziwa. Mkojo na kinyesi vinaweza kukibeba pia, ndiyo maana hawagawani beseni la choo.

Kama nyumbani una paka wengine na huyu unamlea kwa muda, mpangilio ni huu. Hudumia wasio na kirusi kwanza, mwenye kirusi mwisho. Mabakuli yake yasitoke chumbani kwake isipokuwa kwenda kuoshwa. Osha mikono kwa sabuni ukitoka. Nguo za kubadilisha si lazima kwa ajili ya FeLV, ila kwa wiki mbili za mwanzo kuna mapunye na mafua ya paka, kwa hiyo weka koti moja la kazi nyuma ya mlango.

Na angalieni CHINI ya mlango. Pengo la sentimita 2 linapitisha mguu wa paka mpaka kwenye kiwiko. Mmoja anaingiza kucha, wa upande wa pili ananusa, analamba. Ndani ya siku mbili wamefanya mchezo, na wewe unasema umewatenga. Ziba kwa mpira wa mlango uliopigwa misumari. Taulo lililokunjwa wanalivuta.

---

Paka_Watatu

Wakuu nina swali la wazi. Kama paka wa mtu wamechanjwa FeLV wote, si wanaweza kukaa na huyu? Chanjo ya nini sasa?

---

Sharubu_Nane

Mkuu, chanjo zipo tangu 1985 na zimesaidia sana, ila hakuna inayokinga paka wote. Ni kinga ya ajali: paka kachomoka mlangoni, kapigana, karudi. Kulala kitanda kimoja na paka anayetoa kirusi mwaka mzima ni mzigo mwingine kabisa.

Ratiba yenyewe: dozi ya kwanza kuanzia wiki 8 za umri, ya pili wiki 3 hadi 4 baadaye, nyongeza baada ya mwaka 1, kisha kila mwaka kwa walio kwenye hatari. Paka apimwe kabla ya kuchanjwa. Kumchanja aliye na kirusi tayari hakumdhuru na hakumsaidii, ni dawa imemwagwa. Umri nao unachangia: vitoto hushikwa kirahisi zaidi, paka wakubwa wana ukinzani wa kiasi fulani. Wa kiasi fulani, sio wote.

Kwa hiyo kwenye kuchuja walezi, jibu la "wangu wamechanjwa" halifungui mlango. Linalofungua ni mawili: hakuna paka mwingine, au waliopo wamepimwa na wanacho.

---

Paka_Watatu

Nimekuelewa. Na mwenye FIV tu, akae na mwenye FeLV? Si wote wagonjwa?

---

Darubini

Hapana. FIV inaenezwa zaidi kwa kung'atana kwa kina, FeLV kwa mate ya kila siku. Ukiwaweka pamoja, yule wa FIV, ambaye angeweza kuishi miaka mingi, unamwongezea kirusi cha pili. "Chumba cha wagonjwa" kinachochanganya hawa wawili ni kosa linalofanywa hata na makazi ya wanyama yenye nia njema.

---

Mtego_Kimya

Mmeongelea paka mpole. Niwaleteeni yule asiyeshikika.

Kumkamata: acha kumlisha saa 24 kabla, mtego uwekwe mahali anapokula siku zote, sakafu yake itandikwe gazeti lisipeperuke, samaki wa kopo wa mafuta nyuma kabisa ya sahani ya kukanyagia, na tone la mafuta yake mlangoni. Usiondoke. Kaa mbali unapouona. Mlango ukishuka, funika mtego wote kwa shuka zito mara moja. Gizani anatulia, kwenye mwanga anajipasua pua kwenye nyaya. Kama ni jike, chungulia chuchu kabla ya kuondoka. Zikiwa zimevimba na manyoya yake yamelowa kuzunguka, kuna vitoto mahali, na hao nao watahitaji kupimwa.

Sasa shida. Paka shume wa kweli, aliyezaliwa na kukua bila watu, ukimfungia chumbani maisha yote kwa sababu ya FeLV unampa adhabu. Anakojoa alipojificha, hali, na hofu ya kila siku inashusha kinga ambayo tayari kirusi kinaila. Ukimrudisha, anaeneza.

Maoni yangu: mpe wiki 3 hadi 4 za uangalizi kabla ya kumwita shume. Paka aliyewahi kuwa na watu akiogopa anafanana kabisa na shume siku tano za kwanza. Tofauti inakuja usiku: aliyewahi kulelewa atakula ukiwa umekaa chumbani kimya, atakutazama huku anapepesa macho polepole, siku moja atasugua shavu kwenye mguu wa kiti. Shume hali ukiwepo, hatoi sauti, anajibanza ukutani masikio yamelala. Wiki nne zikipita hivyo, umeshajua.

---

Kitana

Na akishajulikana ni shume na FeLV imethibitishwa? Maana makundi mengi ya kukamata, kuhasi na kurudisha hayapimi kabisa.

---

Mtego_Kimya

Hayapimi, na yana hoja: fedha ya kupima paka mmoja inahasi mwingine, na paka waliohasiwa hawapigani sana wala hawazai vitoto vilivyoambukizwa, kwa hiyo kuhasi kwenyewe kunapunguza kirusi mtaani. Sipingi.

Lakini ukishapima, umeshajua, huwezi kujifanya hujui. Shume mwenye kirusi lakini mwenye afya ana chaguo moja zuri: uzio uliofungwa juu na pembeni, wenye kibanda, pamoja na wenzake wenye FeLV au peke yake, ambamo halazimiki kuguswa. Shume aliyekonda, fizi nyeupe, mdomo umejaa vidonda, sindano ya kumpumzisha ni huruma. Hapo naona watu huvuta mambo kwa ajili ya nafsi zao.

---

Bi_Dirisha

Nizungumzie tangazo na kuchuja walezi, kwa sababu hapo ndipo paka hukwama miezi.

Usianze na ugonjwa, na usiufiche. Anza na paka: umri wa kukadiria, jike au dume, amefungwa kizazi, tabia yake na watu, na mbwa, na watoto. Sentensi ya tatu au ya nne sema wazi: "Ana FeLV. Haiambukizi watu wala mbwa. Anatakiwa kuwa paka pekee ndani ya nyumba na asitoke nje. Umri wake unaweza kuwa mfupi." Basi. Ukiandika "ana tatizo dogo la damu" utaletewa watu ambao watamrudisha wakisikia ukweli, au watamtupa. Picha mbili za mchana karibu na dirisha, macho yakionekana, na moja akiwa amelala karibu na binadamu. Picha za kizimbani zinamfanya aonekane mgonjwa zaidi kuliko alivyo.

Maswali ya simu: Kuna paka ndani sasa? Kuna paka wa jirani anayeingia jikoni? (Hili watu hawalitaji wasipoulizwa.) Nyumba ni ya kupanga, mwenye nyumba anaruhusu paka? Ukisafiri anabaki na nani, na huyo mtu ana paka? Kliniki ya karibu ni ipi? Mpango wa kuongeza paka wa pili upo? Anayejibu "labda baadaye" mweleze hapohapo kwamba wa pili naye lazima awe na FeLV.

Kisha nenda ukaone. Usikague usafi, kagua matundu. Chandarua cha mbu dirishani hakimzuii paka; anapanda, kinapasuka kwenye pembe. Panatakiwa wavu wa chuma uliokazwa kwa skrubu na ubao, matundu yasizidi sentimita 2.5. Kama kuna veranda iliyozungushiwa wavu na paka wa nje hufika kusalimia, wavu mmoja hautoshi kwa sababu pua zinakutana. Weka wa pili kwa ndani, kati yao pabaki sentimita 15 hadi 20. Mlango wa mbele ukifunguka moja kwa moja barabarani, panga kizuizi cha pili, hata lango la mtoto lililowekwa wavu juu.

Angalia maua pia. Yungiyungi za aina ya lili huharibu figo za paka hata kwa kulamba chavua iliyodondokea manyoya.

Makubaliano yawe ya maandishi, ukurasa mmoja: hatoki nje, haishi na paka asiye na kirusi, akishindikana anarudi kwako na si kwa mtu wa tatu, na namba ya chipu inabadilishwa iwe na simu ya mlezi mpya huku ya kwako ikibaki kama ya pili. Wiki 3 za majaribio kabla ya kusaini ni nzuri kwa pande zote. Mpe na bahasha ya majibu YOTE ya maabara pamoja na tarehe, maana daktari mpya asipoyaona ataanza upya.

Anayenung'unika kuhusu ukurasa mmoja huyo amejichuja mwenyewe.

---

Kitana

Bi Dirisha, na makazi maalum ya paka wa FeLV? Kuna wanaojitangaza mtandaoni.

---

Bi_Dirisha

Mengine mazuri mno, mengine ni vyumba vya kufia. Waulize: mnapima upya kila anayefika, au mnaamini karatasi? Wapya wanakaa karantini siku ngapi kabla ya kuingia kwa wenzao? Daktari anafika mara ngapi? Paka wangapi chumba kimoja, na watu wangapi wanawahudumia? Mwaka jana wangapi wamefariki, kwa nini, na wangapi wamepata nyumba? Anayejua kazi yake anajibu bila kukasirika. Anayekataa usione vyumba, usimpe.

Msongamano ndio adui pale. Mafua ya paka ambayo paka wa kawaida anayamaliza kwa wiki, kwa mwenye FeLV yanashuka mapafuni. Nyumba ya kawaida yenye paka wawili wa FeLV nadhani inashinda kituo kikubwa mara nyingi.

---

Fizi_Nyekundu

Wacha niandike kile ambacho mlezi mpya anapaswa kukijua kabla hajafunga mlango wa kikapu.

Kila wiki mpime uzito, mizani ileile. Paka wa kilo 4 aliyepungua gramu 200 ndani ya wiki chache, mpeleke, hata kama anakula. Inua mdomo wa juu, bonyeza fizi kwa kidole, achia: panageuka peupe halafu pinki inarudi ndani ya sekunde 2. Fizi iliyo nyeupe kabla hata hujabonyeza, au ya manjano, ni safari ya leo. Akiwa amelala hesabu pumzi kwa dakika nzima. Chini ya 30 ni kawaida. Zikizidi 40 akiwa usingizini, usisubiri asubuhi. FeLV huleta uvimbe kifuani na maji hujikusanya kuzunguka mapafu. Joto la kawaida ni nyuzi 38.1 hadi 39.2 za Selsiasi. Asipokula saa 24, mpigie daktari.

Daktari amwone kila miezi 6, na hesabu kamili ya damu angalau mara moja kwa mwaka.

Chakula kipikwe au kiwe cha kiwandani. Nyama mbichi, mayai mabichi, maziwa yasiyochemshwa, yote nje. Kitunguu na kitunguu saumu huvunja seli nyekundu za damu za paka, na huyu hana za kupoteza. Viroboto navyo: paka mdogo mwenye FeLV anaweza kuishiwa damu kwa viroboto peke yake, na kuna vijidudu vya Mycoplasma vinavyokaa juu ya seli nyekundu ambavyo hupenda kumvamia mwenye kirusi hiki. Msilie "FeLV imemmaliza" kabla havijatafutwa. Hivyo vinatibika, kwa kawaida kwa doksisaiklini. Kidonge hicho kisiachwe kikavu kooni, kinachoma umio mpaka unaziba. Mpe kwa chakula, au msukumie maji mililita 5 kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini inaua paka. Parasetamoli inaua paka. Andika kwenye mlango wa friji.

Steroidi zisiwe za mazoea. Zinashusha kinga na zinaweza kuamsha kirusi kilicholala. Kuna hali zinazozihitaji, kama baadhi ya vidonda vya mdomoni au saratani yenyewe, lakini daktari aambiwe ana FeLV KABLA ya sindano, si baada. Na anayekuuzia tiba ya "kufuta" FeLV anakuibia. Hakuna inayokiondoa kirusi mwilini.

Mwenye mimba au mwenye kinga dhaifu nyumbani: FeLV haimhusu, ila beseni la choo lifanyiwe usafi kila siku na mtu mwingine, kwa sababu ya toksoplasma, kimelea cha kwenye kinyesi cha paka, ambayo mayai yake huhitaji siku 1 hadi 5 kabla ya kuanza kuambukiza.

---

Paka_Watatu

Ajali ikitokea? Mlango umeachwa wazi, paka wa nyumbani kaingia kwa yule wa karantini, wamekaa pamoja jioni nzima.

---

Darubini

Watenganishe. Usimwogeshe, haisaidii. Kama hajawahi kuchanjwa, mpime p27 siku hiyohiyo ili ujue alikuwaje kabla ya ajali, na daktari akiona hasi aanze chanjo. Haitafuta kilichotokea jioni ile, inaandaa ya kesho. Rudia kipimo baada ya siku 30, na kwa uhakika zaidi tena baada ya siku 60. Mpaka hapo huyo naye anakaa mbali na wenzake wengine, ili kama kapata asiwapelekee.

Jioni moja, paka mkubwa aliyechanjwa, hatari ni ndogo. Kitoto cha wiki 10 ambacho hakijachanjwa, nisingelala.

---

Paka_Watatu

Ahsante mkuu. Na la mwisho: paka wa FeLV akishaondoka, nyumba ikae muda gani kabla ya kuleta mwingine?

---

Ndoo_na_Sabuni

Kwa FeLV peke yake, osha kila kitu kwa sabuni na jiki, subiri siku chache pakauke, inatosha. Beseni la choo na kikwangulio cha kucha cha kamba vibadilishe. Ila uliza alikufa na nini. Kama kulikuwa na kuhara kwa damu na daktari alishuku panleukopenia, hicho ni kirusi kingine chenye ngozi ngumu, kinakaa ndani ya nyumba hadi mwaka, na sabuni ya kawaida haikiui. Hapo usilete kitoto. Lete paka mkubwa aliyekwishachanjwa dozi zote.